Breki Iliyozama Mteremkoni, Ikapona Usiku

Msomaji mmoja wa Kalemie, dereva wa Land Cruiser ya kukodi, ametuandikia kuhusu safari yake ya kurudi nyumbani kutoka Bukavu kwa njia ya Uvira na Fizi. Mteremko wa Ngomo aliushuka vizuri, mguu juu ya breki karibu muda wote. Akasimamishwa kwenye bariere, akatoa karatasi, akangoja. Alipoondoka na kukanyaga breki tena, pedali ilizama hadi chini kama vile hakuna kitu upande wa pili. Gari alilinusuru kwa gia na kwa kulielekeza kwenye ukingo wa mlima. Kesho yake asubuhi fundi wa Kamanyola alikagua kila kitu: mafuta ya breki yamejaa, hapavuji popote, padi bado nene, pedali ngumu. Akasema breki ni nzima. Msomaji anauliza: kama ni nzima, jana ilikuwa na nini?

Padi na diski sitazieleza. Kila anayemiliki gari ameshaona zikibadilishwa. Swali hili linatupeleka mahali pa ndani zaidi, kwenye yale mafuta.

Tuanze na joto. Ziwa Kivu, kule Bukavu, liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika, kule Uvira, mita 773. Anayetoka ziwa moja kwenda lingine anashuka karibu mita 690. Mto Ruzizi unashuka kimo hicho hicho, na nguvu yake ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Bukavu. Gari la tani 3 likishuka kimo hicho linaachia nishati ya megajuli 20 hivi, ambayo ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 60 za maji. Mto una mitambo ya kuipokea nishati yake. Gari la dereva asiyetumia gia lina breki tu, na breki haina la kufanya ila kupata moto. Padi inaunguza pistoni, pistoni inaunguza mafuta yaliyo nyuma yake.

Mafuta hayo kazi yake ni kupeleka msukumo wa mguu hadi kwenye magurudumu. Fikiria abiria waliojipanga kwenye ubao mwembamba wa kupandia boti bandarini Kalemie, kifua kwa mgongo, mizigo kichwani, hakuna nafasi hata ya kupitisha mkono. Ukimsukuma wa mwisho, wa kwanza anajikuta ndani ya boti papo hapo, ingawa hukumgusa. Ndivyo kimiminika kinavyofanya: chembe zake zimebanana kiasi kwamba msukumo hauna pa kupotelea. Sasa tuseme katikati ya mstari watu watano wameruka majini. Ukimsukuma wa mwisho sasa, anajongea; wa mbele yake anajongea; wote wanajongea hadi nafasi ile ijae, na wa kwanza bado amesimama ubaoni akitazama ziwa. Umesukuma kwa nguvu zako zote, watu wamesogea kweli, lakini botini hajaingia mtu. Pedali inayozama ni hiyo: mguu wako umefanya kazi yake, na kazi yote imeishia kuziba nafasi.

Nafasi hiyo huletwa na mvuke wa maji yaliyojificha ndani ya mafuta hayo. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka mara 1,600 hivi. Silinda kuu ya gari la kawaida husukuma sentimita za ujazo chache tu kila unapokanyaga, kwa hiyo maji madogo kuliko tone la mvua yanatosha kuimaliza safari nzima ya pedali. Mafundi wetu wengi husema breki "imekula upepo", na hapo ndipo ninapowaomba tutenganishe. Upepo ukiingia unakaa, asubuhi utaukuta. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji na nafasi inatoweka. Waingereza wanauita mvuke huo kufuli, jina lisilofaa, maana hakuna kilichofungwa. Mimi nauita pengo la mvuke. Pengo huja na kwenda, na ndiyo maana fundi wa Kamanyola hakuliona.

Sasa lile linalonifurahisha kuliko yote: kwa nini ilitokea baada ya bariere? Ukiwa umekanyaga breki, shinikizo ndani ya mabomba ni makumi ya mara ya lile la hewa, na kimiminika kilichobanwa hivyo hakichemki kwa urahisi. Ukiinua mguu, shinikizo linaporomoka hadi lile la kawaida, na mafuta yaliyokuwa yakivumilia yanachemka mara moja. Tena gari likisimama, upepo wa mwendo uliokuwa ukipoza diski unakoma, huku joto la diski likizidi kupenya kuelekea kwenye mafuta. Dakika zile za kuonyesha karatasi ndizo zilizopika. Breki ilikufa wakati hakuna aliyeikanyaga, na habari zikamfikia dereva alipoikanyaga tena.

Maji yenyewe yaliingiaje? Mafuta ya breki si mafuta kama ya injini. Yametengenezwa kwa glikoli, ambayo huvuta unyevu wa hewani kupitia mipira ya mabomba na kifuniko cha chupa yake, mwaka baada ya mwaka. Inaonekana kasoro, lakini ni ulinzi. Kama yangekataa maji, maji yangejikusanya chini, kwenye silinda ya gurudumu, na kuchemka kwa nyuzi 100 tu. Yakiyameza, mchanganyiko huchemka juu zaidi. Mafuta ya kopo jipya lenye maandishi DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, na DOT 4 chini ya 230. Yakishakunywa maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachotumika kwenye vipimo, kima cha chini kinashuka hadi nyuzi 140 na 155. Yanakuwa mengi vilevile kwenye chupa, lakini yamechoka.

Kwa hiyo, ndugu dereva, pedali inayozama breki zikiwa za moto na kupona zikipoa inadai mafuta mapya, hata kama yaliyopo yamejaa. Ikiwa laini asubuhi na kukazika ukiipampu, huo ni upepo. Ikishuka polepole chini ya mguu uliotulia na nje hapavuji, tazama mipira ya silinda kuu. Ikiwa ngumu lakini gari halisimami, padi zimeungua au kisaidizi cha breki kimekufa. Malori makubwa yanayotumia breki za hewa yana maradhi mengine, ingawa dawa ya kushuka na gia ndogo ni ile ile: kule Salgaa, Kenya, madereva walioshuka na gia huru kuokoa dizeli waliijaza barabara ile misiba.

Mwambie fundi amwage yote, asijazie tu. Lita 1 kwa kawaida inatosha gari dogo. Kwa Land Cruiser nunua mbili. Ajaze, atoe upepo gurudumu moja moja hadi yatoke safi bila mapovu, kwa magari mengi akianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Arudie kila baada ya miaka 2, na sisi tunaoishi kando ya ziwa tusingoje zaidi ya hapo. Kopo lifunguliwe mbele yako. Lile lililokaa wazi dukani tangu masika limeshakunywa maji kabla ya gari lako. Na asikutilie mafuta ya injini hata kama umekwama Fizi na giza limeingia: yanavimbisha mipira ya breki, na ukifika Kalemie utabadilisha kila mpira uliomo.