Usanifu wa bidhaa za viwandani: neno na chimbuko lake

Muhula uliopita wanafunzi wetu wa tafsiri walipewa makala ya Kiingereza kuhusu usanifu wa bidhaa za viwandani. Wengi waliandika "mapambo ya bidhaa", wachache "ubunifu". Wote tukawakata alama, nao wakatuuliza, na wana haki, kwa nini.

Jibu limo katika historia. Fundi wa sigiri pale Katwe hubuni na kutengeneza yeye mwenyewe. Kiwanda kilizitenganisha kazi hizo mbili. Chukua kiti namba 14 cha Michael Thonet, kilichotolewa mwaka 1859 katika Dola ya Austria. Mbao zake zilipindwa kwa mvuke. Kiti kizima kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skurubu 10 na nati 2, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo. Umbo lilifikiriwa pamoja na safari. Hayo si mapambo!

Mwaka 1907 kampuni ya umeme ya AEG, Berlin, ilimchukua Peter Behrens, aliyeisanifia taa, birika, matangazo na hata jengo la kiwanda. Mwaka huohuo wasanii na wenye viwanda wa Ujerumani waliunda umoja wao, Deutscher Werkbund. Mwaka 1914, mjini Cologne, umoja huo ulikumbwa na ugomvi mkubwa: Hermann Muthesius alitaka maumbo machache ya kigezo, Henry van de Velde akapinga kwamba msanii halazimishwi kufuata kigezo. Chuo cha Bauhaus (1919 hadi 1933) kilirithi mjadala huo.

Sasa tulitazame neno letu. Kusanifu ni kutunga au kubuni kwa ustadi, ndiyo maana tuna msanifu majengo. Lakini Kiswahili sanifu ni kile kilichowekewa kigezo, kazi iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, Uganda ikiwamo. Yaani wagomvi wa Cologne wote wawili wamo ndani ya neno moja! Kwa hiyo tunapendelea "usanifu" kuliko "ubunifu", ambao hauna habari ya kigezo, ingawa baadhi ya walimu wenzetu bado wanabisha. Kigezo kikikusudiwa peke yake, tumieni "usanifishaji".

Walioandika "ubunifu" walete karatasi zao ofisini. Watarudishiwa nusu ya alama.