Kivuli cha boti: turubai gani, nguzo gani, kamba gani?

Kwenye boti ya wazi, abiria hupigwa na jua mara mbili: la juu, na lile linaloakisiwa na maji. Ndiyo maana wenye boti wengi hufunga turubai. Lakini kivuli kilichofungwa vibaya hugeuka tanga, na upepo ukikishika ghafla boti inaweza kupinduka. Msikilizaji, kabla hujatoa fedha zako, zingatia haya.

Kitambaa

Turubai jepesi la plastiki, kama lile la kuanikia nafaka, ni la bei nafuu, ila jua hulikausha na kulichana mapema. Turubai zito la malori hudumu na huzuia mvua, lakini uzito ukiwa juu, boti huyumba zaidi. Nyavu za kivuli za vitalu vya miche ni nyepesi na upepo hupita ndani yake. Kasoro yake ni kwamba mvua nayo hupita.

Nguzo

Baharini, chuma cha kawaida huliwa na kutu haraka. Bomba la mabati huvumilia zaidi, ila kutu huanzia pale lilipokatwa au kuchomelewa, hivyo pakae rangi. Ukinunua chuma cha pua, uliza daraja la 316, kwani 304 huota madoa ya kutu kwenye maji ya chumvi. Alumini ni nyepesi, lakini ikigusana na boliti za chuma cha pua penye chumvi, huliwa. Weka kipande cha mpira au plastiki katikati. Kwa boti za Ziwa Victoria, ambako maji ni baridi, bomba la mabati linatosha.

Viungo, uzi na kamba

Nguzo zifungwe kwa boliti zinazopenya ubao, zenye washa pana na nati. Misumari hulegea kwa mtikisiko. Turubai lishonwe kwa uzi wa poliesta, maana wa pamba huoza. Hata kamba, chagua ya poliesta. Ya nailoni hurefuka ikilowa, turubai likalegea na kuanza kupigapiga mpaka lichanike.

Usalama

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Kwa hiyo funga fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Usizibe pande zote, kwani boti ikipinduka watu watanaswa chini ya turubai. Mizigo isiwekwe juu yake, na nahodha aone mbele bila kuinama.

Kabla ya kubeba abiria, fanya jaribio boti ikiwa ufukweni: mtu mmoja alishushe turubai peke yake, kamba zikiwa zimelowa. Akishindwa, mrudie fundi. Wingu la dhoruba likitokea mkiwa katikati ya maji, hamtakuwa na nafasi ya kujifunza.