Matayarisho ya Chuo Kikuu: Tungalimwambia Nini Yule Kijana?



Tunakuombeni mtupe ruhusa mara hii tuache kidogo khabari za majamvi na bei, tuzungumze juu ya watoto. Tangu matokeo ya Kidato cha Sita yalipotoka haipiti wiki ila mzee mmoja hufika ofisini akisingizia kuulizia magunia, kisha akishakaa kitako hulitoa swali lenyewe: "Katibu, mwanangu amepasi. Sasa nifanye nini?"

Swali hilo hutupa taabu kulijibu, kwani sisi wenyewe tuliwahi kuwa ndiye huyo mtoto. Tulimaliza Kidato cha Sita mwaka 2010, tukapasi, tukapata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, tukakaa wiki saba, tukarejea Pemba na begi letu hata halijatolewa nguo zote. Watu wengi walidhani kuwa masomo yametushinda. Hatukuwakatalia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Leo tutaeleza.

Kwanza tukiri kwamba neno lenyewe lilitudanganya. Kwetu sisi chuo ni pale kwa maalim, unapokwenda na juzuu yako. Ukichelewa utatiwa adabu, lakini hapana atakayekurejesha nyumbani kwa kukosa karatasi. Tulikwenda chuo kikuu kwa moyo ule ule, tukidhani ni chuo kile kile kilichozidi ukubwa.

Mambo yalianzia kwenye jina. Katika cheti chetu cha kuzaliwa baba yetu ameandikwa Khamis. Skuli wakaandika Hamis, na jina la babu wakaliacha. Miaka 13 tulisoma na kufanya mitihani kwa jina hilo la skuli, wala hapana aliyeona kasoro. Herufi moja, nani ataiangalia? Basi iliangaliwa. Fomu yetu ya mkopo ilirudishwa na ofisi moja ikiwa na mstari mwekundu chini ya jina, na maneno ya kututaka tuthibitishe kwamba watu wawili hawa ni mtu mmoja. Barua ilikwenda kwenye duka moja la Wete, kwa kuwa jamaa wote tulitumia sanduku la posta la mwenye duka, ikalala siku 19 juu ya rafu ya sabuni. Sisi tulikuwa juu ya mikarafuu, na barua zilikuwa zikingoja mwenye safari ya mjini. Ilipotufikia, muda wa kuirejesha fomu ulikwisha zamani.

Dawa yake ilikuwa hati ya kiapo, karatasi moja tu, mbele ya wakili au mahakamani. Kazi ya asubuhi moja. Laiti tungaliweza kusimama chini ya mkarafuu ule tukamwita yule kijana, tungalimwambia: teremka. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne na kitambulisho, viweke pamoja juu ya jamvi, uvisome herufi kwa herufi kama unavyosoma mbele ya maalim. Na lile la vyeti vya kuzaliwa ulifanye ungali Kidato cha Tatu, si siku ambayo mlango unafungwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi kila kitu ni intaneti. Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Vyeti vya kuzaliwa sasa viko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar nayo ilianzishwa mwaka 2011, baada ya sisi kwisha kurudi, na kijana wa leo ana mlango huo na ule wa Bodi ya Jamhuri ya Muungano, asome masharti ya yote miwili. Hata hivyo, kwa rai yetu mashine ni kali kuliko karani. Karani mwenye busara huweza kufahamu kwamba Khamis na Hamis ni mzee mmoja. Mashine haina babu wala shangazi, haijui.

Tunafika sasa penye uchungu. Baba yetu hakukubali tukae nyumbani. Alitwambia, "Mwanangu, nenda. Mkopo utakufuata." Akakodisha mikarafuu yake kwa misimu miwili ili apate nauli, godoro na sehemu ya ada. Ulikuwa mwaka mbaya, miti imezaa kidogo, na mwenye dhiki hauzi kwa bei anayoitaka. Fedha hizo zilitufikisha wiki ya saba. Mkopo haukutufuata.

Mwaka 2011 mikarafuu ile ile ikazaa hata matawi yakainama, na ndio mwaka ambao bei ya Shirika ilipanda sana. Sisi tulikuwa shambani kwa baba yetu, pakacha mkononi, tukichuma kwa pishi kama kibarua yeyote, na karafuu zikianikwa kwenye majamvi ya mtu mwingine. Aliyekodi hakutudhulumu, alilipa alichokubaliana. Baba alikuwa akipita njia ya nyuma asilione shamba.

Sasa tazameni, mabwana na mabibi, jambo ambalo kila mmoja wetu analijua ila hatujapata kuliweka pamoja na ada. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Huzaa kwa wingi, kisha hupumzika, na mavuno makubwa hurejea takriban kila baada ya miaka mitatu au minne. Ada huja kila mwaka. Masomo ya digrii kwa kawaida ni miaka mitatu, uhandisi minne, na udaktari mitano. Kwa hivyo mzazi anayesema, "Nitamsomesha kwa karafuu," ajue kuwa katika miaka hiyo mitatu huenda akapata msimu mmoja tu wa kujivunia, na haujulikani utakuwa wa kwanza au wa mwisho.

Lakini iko hesabu nyingine, nayo ni ya kutia moyo. Kutoka kuingia Kidato cha Tatu hata kumaliza cha Sita ni miaka minne. Katika miaka minne hiyo mikarafuu yako inatarajiwa kukupa mavuno makubwa walau mara moja. Hayo ndiyo ya chuo, ya mtoto wa kiume na wa kike sawasawa. Yawekwe kando siku ile ile ya kulipwa kituoni, kabla ya harusi na kabla ya mabati mapya. Tunajua kuwa hapa wapo watakaonuna, khasa kwa hilo la mabati. Sisi nasi paa letu linavuja.

Hata aliyepata mkopo asiende mikono mitupu. Fedha za kujikimu huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya masomo kuanza, na mwenye nyumba na mama wa chakula hawazingoji. Mfuko wa miezi miwili si mwingi.

Juu ya masomo yenyewe hatutasema mengi, kwani wiki saba hazimfanyi mtu mwanachuoni. Tuliyoyaona ni haya. Skuli tulizoea mwalimu kuandika ubaoni nasi tukanakili. Kule mhadhiri husema kwa Kiingereza, mbio, mbele ya mamia ya watu, na asiyeandika kwa kusikia hutoka na daftari jeupe. Tungalimwambia yule kijana asikilize khabari za Kiingereza za redio kila usiku na kuandika alichofahamu, hata mistari mitano. Na ajifunze kupiga chapa kwenye kompyuta kabla hajavuka bahari. Kuhifadhi kwa moyo, tulikofundishwa kwa maalim, kulitufaa kuliko tulivyotazamia. Lakini maalim alikuwa akitungoja.

Limebaki moja, nalo ni kosa letu wenyewe. Fedha zilipokwisha tuliondoka bila ya kumwambia mtu. Hatukumwona mwalimu hata mmoja. Tuliona haya. Mtoto wa Pemba aliyeagwa kwa dua na watu wa mtaa mzima, aende kubisha hodi aseme hana cha kula? Tulifunga begi tukashuka bandarini. Miaka mitatu baadaye kijana mmoja wa Mkoani alitueleza kwamba vyuo huwa na Mshauri wa Wanafunzi, na kwamba mwenye dhiki huweza kuomba kuahirisha masomo kwa maandishi, akarejea mwaka unaofuata nafasi yake ikiwapo. Mwaka uliofuata, ambao ulikuwa ule wa 2011.

Yule kijana tungalimshika mkono tukampeleka hata mlangoni kwa Mshauri huyo, na tungalikaa nje kumngoja.

Wanachama ambao vyeti vya watoto wao vina majina yasiyolingana, au wasiojua kama yanalingana, tunawaomba wafike ofisini Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, wao pamoja na watoto. Waje na cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne na kitambulisho cha mzazi. Aliye bado Kidato cha Tatu aje pia, yeye ndiye khasa tunayemtaka. Tutasoma herufi kwa herufi. Magunia nayo yapo.