Ngozi na Mwili wa Fedha

Fedha tupu ni laini mno kwa pete au bangili ya kuvaliwa kila siku. Hupindika na kuchubuka upesi. Masonara huichanganya na shaba ili ipate ugumu. Mchanganyiko unaojulikana zaidi una sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na hiyo ndiyo maana ya tarakimu 925 zinazogongwa ndani ya pete. Sarafu iitwayo reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780, iliyotumika sana Oman na Zanzibar, ina sehemu 833 tu. Wafua fedha wa Oman waliyeyusha reale hizo kutengeneza mapambo, hivyo kipuli cha kale cha huko kikipimwa na kuonekana chini ya 925 si lazima kiwe cha kughushi.

Chapa yenyewe ni ushahidi dhaifu, kwani yeyote mwenye kigongeo anaweza kuigonga. Sumaku nayo husaidia nusu tu: ikivuta, mara nyingi pambo lina chuma ndani, isipovuta, bado laweza kuwa shaba iliyochovywa fedha, au ile iitwayo fedha ya Kijerumani, ambayo ni shaba, nikeli na zinki bila chembe ya fedha.

Maji husema zaidi. Kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani ikarudishwa kwenye sifuri, kisha bangili ikaning'inizwa kwa uzi hadi izame bila kugusa kikombe. Bangili ya gramu 52 ya fedha 925 itasomeka karibu gramu 5. Ya fedha ya Kijerumani yenye uzito uleule, karibu 6. Lakini kati ya 925 na 833 tofauti haifiki hata gramu 0.1, na pambo lenye uwazi ndani au kito huvuruga hesabu yote.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye ngozi ya pambo. Fedha yenye shaba ikipashwa moto, shaba ya juu huungana na oksijeni na kuwa nyeusi. Asidi hafifu huuondoa weusi huo na kuiacha fedha. Kazi hiyo ikirudiwa, mwili hafifu huvaa ngozi ya fedha karibu tupu, bila sonara kukusudia udanganyifu wowote. Mashine ya eksirei, ambayo husoma tabaka la juu tu, hupotoshwa na ngozi hiyo. Ndiyo sababu tupa hutangulia: mahali palipofichika hukwanguliwa kidogo, kisha hutiwa tone la asidi ya naitriki, kwa uangalifu, maana huunguza na mvuke wake ni sumu. Likigeuka kijani, mwili ni shaba au nikeli. Fedha nzuri huacha weupe wa kijivu. Asidi hiyo ikichanganywa na potasiamu daikromati hugeuka nyekundu ya damu inapokutana na fedha nyingi.

Kiwango kamili hutafutwa maabarani, kwa njia ambayo Mfaransa Gay-Lussac aliitengeneza karibu na mwaka 1830. Kipande kilichopimwa uzito huyeyushwa katika asidi ya naitriki, kisha maji ya chumvi ya kawaida huongezwa kidogo kidogo. Kila tone huzaa wingu jeupe, mpaka fedha iishe na wingu jipya lisitokee. Gramu 1 ya fedha hula gramu 0.54 za chumvi, na kutokana na chumvi iliyotumika kiasi cha fedha hujulikana.