Tezi, Omo na Ngama: Uraibu wa Kuunda Vielelezo vya Vyombo na Ndege

Utangulizi

Wengi wetu tuliikariri methali 'Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani' tangu shule ya msingi. Tuliieleza maana yake katika mitihani na tukatuzwa alama. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu ambao wakisimamishwa mbele ya jahazi wataweza kuonyesha kwa kidole mahali ngama ilipo? Makala haya yananuia kueleza uraibu wa kuunda vielelezo vya vyombo vya majini na ndege, pamoja na kanuni zinazouongoza. Aidha, yanadhihirisha kwamba uraibu huu, ambao aghalabu huchukuliwa kuwa mchezo wa watoto, unaweza kumrejeshea mwanafunzi wa Kiswahili maneno ambayo anayo mdomoni lakini hana mkononi.

Kielelezo na Kichezeo

Ni muhimu kwanza kutofautisha kielelezo na kichezeo. Mtoto anayechonga kidau cha mti mwepesi na kukitia tanga la karatasi ameunda kichezeo, kinatosha kikielea. Kielelezo nacho hufuata chombo halisi, na kila sehemu yake hupunguzwa kwa kiwango kimoja. Kiwango hicho ndicho kiitwacho uwiano, au skeli. Katika uwiano wa 1:20, jahazi la mita 16 huwa na urefu wa sentimita 80, ubao wenye unene wa milimita 40 huwa wa milimita 2, na nahodha wa sentimita 170 huwa na kimo cha sentimita 8.5. Mwundaji akikosea kipimo kimoja tu, kwa mfano akitumia kamba nene kupita kiasi, jicho huligundua kosa hilo mara moja hata kama mtazamaji hawezi kulitaja.

Uteuzi wa uwiano hutegemea ukubwa wa kitu chenyewe. Uwiano wa 1:72 umezoeleka sana katika ndege. Asili yake ni vipimo vya Kiingereza, ambapo inchi moja huwakilisha futi sita. Ndege ndogo aina ya Cessna 172, ambayo mabawa yake yana upana wa takriban mita 11 kutoka ncha hadi ncha, huwa ya sentimita 15 hivi. Lakini meli kama Titanic, iliyokuwa na urefu wa mita 269, ingezidi mita tatu na nusu kwa uwiano huo, na isingeingia katika chumba cha mwanafunzi. Ndiyo maana meli kubwa huundwa kwa 1:350 au 1:700. Kwa 1:700, Titanic hutoshea kwenye rafu kwa sentimita 38.

Upepo Haupunguzwi

Mwundaji akitaka kielelezo chake kielee na kusafiri, hukumbana na tatizo ambalo rula haiwezi kulitatua. Kwa uwiano wa 1:20, urefu hugawanywa kwa 20, eneo la tanga kwa 400, na uzito wa chombo kwa 8,000. Upepo wenyewe haugawanywi. Unaovuma juu ya kielelezo ndio uleule unaovuma juu ya jahazi. Matokeo ni kwamba uwezo wa chombo kujisimamisha hupungua kwa haraka zaidi kuliko uwezo wa upepo wa kukiinamisha, na kielelezo huwa rahisi kupinduka takriban mara 20 kuliko jahazi lenyewe. Hivyo mwundaji hulazimika kupunguza tanga, au kuongeza farumi, yaani uzito unaowekwa chini chomboni ili kisiyumbe.

Hapa ndipo methali nyingine inapopata mwili. 'Dau la mnyonge haliendi joshi', tunasema. Kwenda joshi ni kuukabili upepo kwa pembe na kusonga mbele badala ya kusukumwa nao. Aliyewahi kukiona kielelezo chake kisicho na farumi kikilazwa ubavu kila kinapogeuziwa upepo haihitaji tena kamusi imweleze unyonge wa dau ni nini.

Ushahidi wa Mtepe

Mafundi wengi wa pwani, wakiwemo wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, wamezoea kuunda vyombo kwa jicho na kwa kumbukumbu, bila mchoro wa karatasi. Ujuzi huo ukikosa mrithi, hakuna ramani inayobaki. Mfano wa mtepe unatosha. Chombo hiki kilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka. Kilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mgeni wa leo katika Makumbusho ya Lamu hukutana na mtepe kwa njia ya kielelezo. Kitu kidogo kimekuwa shahidi wa kitu kikubwa kisichokuwepo tena.

Ndege na Msamiati

Vielelezo vya ndege navyo vimewahi kupewa kazi nzito. Mnamo mwaka 1942, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule waunde vielelezo 500,000 vya ndege kwa uwiano wa 1:72, ili askari wajifunze kutambua ndege za adui na zao. Kielelezo kikitazamwa kutoka mita 10, huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720.

Kwa upande wa lugha, ndege inatudai jambo tofauti. Jahazi lina jina kwa kila kipande: mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, usukani, kana. Ndege imeazima viungo vya ndege wa angani, yaani bawa na mkia, kisha ikachukua rafadha kutoka kwa meli. Vipande vidogo vinavyosogea kwenye ukingo wa bawa havijapata majina yaliyozoeleka. Anayeviunganisha kwa gundi mezani pake hulazimika kuviita kwa namna fulani, na hapo huanza kazi ya uundaji istilahi.

Hitimisho

Kwa muhtasari, uraibu huu huhitaji kisu kikali, rula, gundi, vipande vya mbao na subira nyingi. Msomi wa Kiswahili anaweza kuongezea daftari. Aende pwani na utepe wa kupimia, amuulize fundi jina la kila ubao anaoupima, kisha arudi akaunde. Akimaliza, aitazame kazi yake kutoka tezi hadi omo. Ngama ataijua, kwa kuwa ameiunda kwa mikono yake.