Kivuko kwa Kila Abiria

Abiria atokaye Mwanza mjini kwenda Kamanga, wilayani Sengerema, huvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Kwa anayetumia kitimwendo, safari huanza kabla ya chombo kuondoka: kwenye dirisha la tiketi, kwenye mteremko wa gati, na kwenye mlango wa chuma unaolazwa ufukweni ili watu na magari wapande.

Ulemavu ni nini?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaeleza kuwa ulemavu hutokea pale hitilafu ya mwili, akili au hisi inapokutana na vizuizi vya jamii. Kizuizi kikiondolewa, abiria huvuka.

Muundo jumuishi

Mteremko mpole wenye vishikio humfaa mtumiaji wa kitimwendo, mjamzito, mzee na mchuuzi mwenye tenga la samaki. Lakini maji ya Ziwa Victoria hupanda na kushuka, na mteremko uliokuwa mpole huweza kuwa mkali. Kwa hiyo kazi hii haimaliziki siku ya ujenzi. Gati linapaswa kukaguliwa kila msimu.

Taarifa nazo ni sehemu ya njia. Tangazo la sauti humfikia asiyeona. Maandishi na ishara humfikia kiziwi. Tahadhari ikitolewa kwa kipaza sauti pekee, kiziwi atachelewa kuijua, na majini dakika chache hutosha kupoteza maisha.

Haki na hatua zako

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufikia majengo na huduma za umma bila vizuizi. Tunakushauri:

• Mweleze mhudumu msaada unaouhitaji. Asikubebe bila ridhaa yako.

• Uliza jaketi okozi lilipo, na nani atakusaidia dharura ikitokea.

• Ukinyimwa huduma, andika tarehe, saa na jina la chombo. Lalamika kwanza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, fikisha lalamiko kwa TASAC, msimamizi wa usafiri wa majini.

Nawe usiye na ulemavu, usiweke mizigo kwenye mteremko, na uulize kabla ya kumshika mtu mkono. Uzee na ajali havibagui. Njia tunayoidai leo kwa ajili ya mwenzetu, kesho huenda tukaihitaji sisi.