Nta ya Sikio: Kazi Zake na Namna Salama ya Kuiondoa Inapozidi

Mwanafunzi, swali la kutaja sehemu za sikio huenda unalimudu. Lakini likiulizwa, "Nta ya sikio ina kazi gani?" wengi huandika kwamba nta ni uchafu. Jibu hilo halipati alama. Tena ndilo linalowafanya watu wachokonoe masikio kwa njiti za kiberiti hadi wakajiumiza. Soma mada hii kwa ajili ya mtihani, na kwa ajili ya masikio yako pia.

1. Nta hutoka wapi?

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi. Huanzia kwenye tundu la nje na kuishia kwenye ngoma ya sikio. Theluthi ya nje ya mfereji huu ina vinyweleo na tezi za aina mbili: tezi za mafuta na tezi za nta. Majimaji ya tezi hizo yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa, hutokea nta.

Kazi zake ni hizi:

(a) Hunasa vumbi na wadudu wadogo kabla hawajafika ndani.
(b) Hulainisha ngozi ya mfereji isikauke na kuwasha.
(c) Huzuia maji yasilowanishe ngozi hiyo.
(d) Ina asidi kidogo, hivyo hupunguza ukuaji wa bakteria na kuvu.

2. Sikio hujisafishaje?

Ngozi ya mfereji hukua ikisogea polepole kutoka kwenye ngoma kuelekea nje, na hubeba nta kama mkanda unavyobeba mizigo. Taya linapocheza wakati wa kula na kuongea, nta husukumwa zaidi. Ikifika nje hukauka na kudondoka. Kazi yako ni kufuta sehemu ya nje tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Kumbuka: nta hutengenezwa katika theluthi ya nje. Ikikutwa imejazana karibu na ngoma, mara nyingi kuna kitu kilichoisukuma huko.

3. Kwa nini nta huziba sikio?

Sababu kubwa ni vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, vifuniko vya kalamu, pini na manyoya ya kuku. Kijiti hutoa nta kidogo, ukafurahi, kumbe nyingine umeishindilia ndani. Sababu nyingine ni mfereji mwembamba, vinyweleo vingi, uzee (nta huwa kavu zaidi) na kuvaa mara kwa mara vifaa vya kusaidia kusikia au vipokea sauti vya masikioni.

Dalili zake ni sikio kuhisi limeziba, usikivu kupungua, mvumo, muwasho na wakati mwingine maumivu au kizunguzungu. Mtu huweza kuziba sikio ghafla baada ya kuoga au kuogelea, kwa sababu nta ikilowa maji huvimba.

Kwa nini usikivu hupungua? Mawimbi ya sauti hupita kwenye mfereji, hutikisa ngoma, kisha mtikisiko hupita kwenye vifupa vitatu hadi sikio la ndani, na neva hupeleka taarifa kwenye ubongo. Nta ikiziba mfereji, mawimbi hayaifikii ngoma vizuri. Ikiwa sehemu nyingine ni nzima, nta ikiondolewa usikivu hurudi.

Mfano kutoka darasani. Niliwahi kumfundisha kijana wa kidato cha pili aliyekuwa akiandika imla kwa makosa mengi na kuitika akiitwa mara ya tatu. Nilimhesabu kuwa mzembe, nikamsimamisha mbele ya wenzake zaidi ya mara moja. Alipopelekwa zahanati, ilionekana masikio yote mawili yameziba kwa nta. Yalipotolewa, alisikia. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile. Basi, ukiona husikii vizuri, usione haya: mwambie mwalimu, omba kukaa mbele, na mweleze mzazi au mlezi wako.

4. Hatua salama za kuiondoa

Kama nta haikusumbui, iache. Kama inasumbua:

Hatua ya 1: Hakikisha sikio halitoi usaha wala damu, haliumi, halijawahi kutoboka ngoma wala kufanyiwa upasuaji. Likiwa na mojawapo ya hayo, usitie kitu chochote; nenda kituo cha afya.

Hatua ya 2: Pata dawa ya matone ya kulainisha nta kutoka duka la dawa, au mafuta ya zeituni. Yawe na joto la kawaida la mwili, si ya moto.

Hatua ya 3: Lala ubavu, sikio lenye shida likiwa juu. Tia matone 2 au 3, ubaki hivyo dakika 5 hadi 10.

Hatua ya 4: Rudia mara 2 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, au kama maelekezo ya dawa yanavyosema. Siku za mwanzo sikio linaweza kuziba zaidi, nta inalainika.

Hatua ya 5: Lisipofunguka, mwone mhudumu wa afya. Anaweza kuisafisha kwa maji ya uvuguvugu, kuivuta kwa mashine au kuitoa kwa kifaa maalumu huku akiona ndani. Usijaribu hayo nyumbani. Maji baridi sikioni huleta kizunguzungu, na msukumo mkubwa huweza kutoboa ngoma.

Epuka pia mishumaa ya masikio: haitoi nta, na huweza kuunguza.

Nenda hospitali haraka ukipata maumivu makali, homa, usaha, damu, kizunguzungu kikali au kupoteza usikivu ghafla.

Maswali ya kujipima

1. Taja kazi tatu za nta ya sikio.
2. Kwa nini kijiti cha pamba huongeza tatizo badala ya kulipunguza?
3. Juma ana usaha sikioni na anataka kutia mafuta. Mshauri, ukitoa sababu.

Majibu

1. Chagua tatu kati ya (a) hadi (d) katika sehemu ya 1.
2. Husukuma nta ndani, mbali na njia yake ya kutokea. Pia huweza kuchubua ngozi au kutoboa ngoma.
3. Asitie. Usaha huweza kuwa dalili ya maambukizi au ya ngoma iliyotoboka, na mafuta yanaweza kupenya hadi sikio la kati. Aende kituo cha afya.